Tangu ije darubini, shoga yangu haji tena pwani

SWALI

Somo, assalamu aleikum.

Barua hii nimeiandika mara tatu nikaifuta. Leo naituma ilivyo, na makosa yake.

Mimi ni mwalimu wa jiografia katika skuli ya sekondari, Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, umri wangu miaka 31. Kwetu ni Mjini, Jang'ombe. Nilihamia huku mwaka 2022, miezi minne baada ya kuachwa, na sitaki kukudanganya kwamba nilifuata bahari. Nilikimbia macho ya watu. Nikitoka skuli naingia chumbani, nafunga mlango. Katika chumba cha walimu sikuwa nafungua mdomo mpaka niulizwe, na nikiulizwa sauti inaniganda kooni. Wanafunzi wakanipa jina, Mwalimu Pole. Walidhani silijui.

Usingizi nao ulikuwa umenihama. Usiku mmoja wa Novemba, kiasi cha saa nne, bahari imetoka mpaka huko mwambani, nilikwenda kukaa kwenye ubavu wa ngalawa iliyopandishwa mchangani. Hapo ndipo Da Mize aliponikuta, anarudi kumtazama mamaake. Yeye ni mkulima wa mwani, ana miaka 45 na watoto watano, nyumba yake ni ya tatu kutoka kwangu. Hakuniuliza nina nini wala nalia nini. Aliniuliza, "Mwalimu, Kilimia unakijua?"

Sikijui. Mwalimu wa jiografia mzima! Akanishika mkono akauelekeza juu, kwenye kile kifungu cha nyota ndogondogo zilizosongamana kama dagaa ndani ya wavu. Akaniambia nihesabu. Nikapata sita. Akasema babu yake alikuwa akipata saba, lakini babu yake alikuwa muongo kidogo. Nilicheka, Somo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike.

Tukawa hivyo. Tukikutana mara mbili tatu kwa wiki, bila ya ratiba, yeyote aliyetoka mwanzo anamgongea mwenziwe dirisha. Mwaka uliofuata nilipata darubini ya macho mawili kwenye mitumba ya Darajani, mkanda wake umekatika, kioo kimoja kina ukungu pembeni. Tuliifunga kamba ya mwani badala ya mkanda. Tukiegemeza viwiko kwenye ngalawa ili mkono usitetemeke, tukaiona miezi minne ya sayari ya Mshtarii, ile ile aliyoiona mwanafalaki Galileo mwaka 1610, imejipanga kama shanga. Da Mize alinirudishia darubini, akaichukua tena, akanirudishia. "Ina watoto!" akasema. Kila usiku baada ya hapo alitaka kujua watoto wamehamia upande gani.

Yeye alinifundisha Suheli, nyota ile kubwa ya upande wa kusini ambayo wazee waliifanya jina la upande wenyewe, wakisema suheli kwa maana ya kusini. Mimi nilimwambia kwamba nyota ambayo vitabu vya Wazungu vinaiita Rigel ni neno la Kiarabu, rijli, mguu. Akashika kiuno. "Mguu! Na mie nimehitimu Kurani mara tatu, mbona hawakuniambia?"

Sijui nikueleze vipi jinsi nilivyobadilika. Nilianza kusema. Kwanza na yeye, kisha na wanawake wengine wa mwani, kisha darasani. Mwaka jana nilisimama mbele ya wazazi mia na zaidi nikaeleza kwa nini skuli ianzishe kikundi cha nyota, na sauti haikuganda. Da Mize alikuwa amekaa nyuma kabisa, kwa sababu mwanawe anasoma hapo. Jina la Mwalimu Pole limekufa.

Usiku wetu wa mwisho ulio mzuri ulikuwa tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipopatwa. Msikitini waliswali swala ya kupatwa, tukaswali, kisha tukaenda kukaa mbali kule maji yalikokuwa yametoka. Tangu saa mbili na nusu usiku mpaka karibu saa nne mwezi ulikuwa mwekundu kama tofali, na sayari ya Zohali iko jirani yake. Hatukusema mengi. Alileta kahawa.

Mwezi uliofuata binamu yangu anayeishi Muscat akaniletea darubini ya kweli, ya bomba, kioo chake milimita 114, na miguu yake mitatu. Nilishindwa kulala kwa furaha. Kwa kuwa mchanga na chumvi ni adui wa kioo, niliiweka juu ya dari ya nyumba ninayopanga. Da Mize alikuja mara mbili. Siku ya tatu ilikuwa tarehe 20 Novemba, usiku wa giza, mvua za vuli zimetupa nafasi, nikawaita na wanafunzi wanane waje waione Zohali na pete zake. Nilikuwa nimewasifia pete hizo wiki nzima. Tulipoikamata, pete zenyewe zilikuwa kama uzi tu, msumari umepita katikati ya embe. Mtoto mmoja akasema, "Mwalimu, pete iko wapi?" Wengine wakaanza kupiga miayo. Da Mize akawaita pembeni akawaonesha Kilimia kinapanda kutoka baharini, akawapa ule msemo: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Watoto wakamsogelea. Mimi nikasema, "Da Mize, tuwafundishe watoto sayansi. Nyota hazileti mvua."

Watoto walicheka. Yeye pia alicheka. Alikaa mpaka mwisho, akaosha vikombe, akaenda zake.

Nikamwalika tarehe 20 Disemba. Hakuja. Nikamwalika tarehe 18 Januari, usiku wa giza safi kabisa, nilitaka tulitazame lile wingu la gesi lililo jirani na nyota tatu za mkanda wa kundi la nyota la Orion. Hakuja. Nilimwandikia, "Umenisusa?" Akajibu, "Nimechoka tu mwalimu wangu. Siku nyengine."

Mwalimu mwenzangu ananiambia Da Mize ameingiwa na choyo kwa sababu ya darubini. Mama mwenye nyumba ananiambia mume wake amemkataza, kwani watu wanasema wanawake wanaokesha nje ni wanga, wachawi. Mimi sijui nishike lipi. Kuna usiku nafikiri niiuze darubini yenyewe. Na kuna swali jingine linanikera zaidi: hivi nimekua, au nimevimba tu?

Mwalimu wa Jambiani

JIBU

Mwalimu wangu, waaleikumu salamu.

Da Mize alikwambia amechoka. Wewe umeisoma kauli hiyo kama kisingizio, na mwenzako skuli ameisoma kama choyo, na mama mwenye nyumba ameisoma kama mume. Mimi nimeisoma kama taarifa. Nikaenda kuichukua kalenda.

Tarehe ulizomwita darini ukanitajia ni tatu, 20 Novemba, 20 Disemba, 18 Januari. Zote ni za mwezi kuandama, siku za giza. Ni sawa kwako, maana bila ya mbalamwezi hilo wingu la gesi linaonekana vizuri zaidi. Lakini mwalimu, siku za giza ni siku gani baharini? Mimi ni mtoto wa mvuvi wa Mkokotoni, sikuhitaji kumuuliza mtu. Ni bamvua. Jua na mwezi vimejipanga kwenye mstari mmoja, vinayavuta maji pamoja, bahari inajaa sana na kutoka sana, tofauti ikifika karibu mita 4. Na huku kwetu maji ya bamvua hutoka sana kiasi cha saa nne, ya asubuhi na ya usiku. Hiyo saa nne ya usiku ndiyo iliyokupa wewe ufukwe mpana wa kukaa. Hiyo saa nne ya asubuhi ndiyo inayompeleka Da Mize kwenye vigingi vyake.

Mwani haungoji. Siku za bamvua ndizo siku ambazo mashamba yanafikika kwa miguu, kwa hiyo kila kitu kinafanywa ndani ya hizo siku chache: kuvuna, kurudishia mbegu kwenye kamba, kukaza vigingi, kubeba magunia yenye maji mpaka nchi kavu, kuanika. Mtu ameinama kwenye maji ya chumvi masaa, jua kichwani, anarudi nyumbani kuna watoto watano. Na miezi hii ya kaskazi maji yana moto, mwani unaoza kwenye kamba, nusu ya kazi ni kuokoa. Kisha saa tatu usiku shoga yake anampigia simu apande dari akatazame gesi.

Mbona zamani alikuwa anakuja? Jibu umeliandika mwenyewe: "bila ya ratiba, yeyote aliyetoka mwanzo". Alikuwa anakuja siku anazoziweza. Mkiangalia mwezi wenyewe, mkiangalia Mshtarii na watoto wake, vitu ambavyo mbalamwezi haiviharibu. Darubini kubwa imekuletea ratiba, na ratiba yako imeangukia kwenye siku zake nzito mwezi hadi mwezi. Wala hukukusudia. Ila wewe ndiye unayesomesha sura ya maji kujaa na kupwa, kwa hiyo sitakusamehe haraka.

Sasa turudi kwenye usiku ule wa watoto.

Nitaanza na pete za Zohali, kwa sababu nadhani shari ilitokea hapo. Hukuwa na kosa. Pete hizo ni pana mno lakini nyembamba mno, na Zohali inapolizunguka jua, safari ya miaka 29 na kitu, kila baada ya miaka 13 hadi 16 tunaziona kwa ubavu, kama mtu anayelitazama jamvi kutoka ukingoni. Ilitokea Machi 2025, na Novemba ile zilikuwa bado zimelala karibu kabisa. Kidogo kidogo zitajifungua tena, watoto hao hao wataziona. Lakini usiku ule uliaibika mbele ya wanafunzi wanane. Pembeni yako mtu mwengine, bila ya kioo wala bomba, ameshawachukua. Aibu ikatafuta pa kushukia.

Na uliyemkosoa alikuwa sahihi kuliko wewe. Nani alikwambia Kilimia kinaleta mvua? Msemo hausemi hivyo. Unasema kinazama lini na kinazuka lini. Kila mwaka, mwisho wa Aprili kuingia Mei, Kilimia kinashuka magharibi pamoja na machweo mpaka mwanga wa jua unakimeza, kwa sababu jua linapita upande wake. Mwezi wa Juni ukiamka kabla ya alfajiri utakiona kimetoka upya juu ya bahari, hapo hapo mbele ya mlango wako. Kilipozama ilikuwa masika. Kinapozuka masika yamekwisha, kusi inavuma. Kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, si ndivyo? Ile nusu nyengine ya msemo, kwamba kikizama kwa jua kitazuka kwa mvua, hiyo ina bahati nasibu ndani yake na unaweza kuibishia ukipenda. Lakini bishana nayo kama unavyobishana na mwenzako wa kazi. Jina lenyewe limetokana na kulima. Ni kalenda ya watu waliokuwa hawana karatasi ukutani. Mwalimu wa jiografia angekimbilia kuiandika ubaoni.

Kwa hiyo ulimsahihisha mtu asiyekosea, mbele ya wanafunzi wako, na mwanawe anasoma skuli hiyo hiyo. Habari ilifika nyumbani kabla yake, amini usiamini.

Alicheka, unasema. Akaosha vikombe. Hayo maneno ya vikombe nimeyasoma mara kadhaa. Kwenye ngalawa kahawa ilikuwa yake na alikuwa mwenyeji sawa na wewe. Juu ya dari amekuwa mgeni anayetafuta kazi ya kufanya ili asikae bure.

Na hilo la dari sitaki tulipite mbio. Ile darubini ya mitumba, na kamba yake ya mwani, mlikuwa mnapokezana mkononi. Dakika moja kwako, dakika moja kwake, na katikati mnazungumza. Hii ya bomba ina tundu la jicho moja. Dunia inazunguka, kitu kinatoka nje ya kioo ndani ya dakika mbili tatu au pungufu, inabidi wewe unayeijua ukitafute tena, "subiri kidogo, nimekipoteza", na mwenzako amesimama gizani anakutazama mgongo. Sijasema ni chombo kibaya. Nasema kinataka adabu yake. Umewahi hata mara moja kumwacha Da Mize akitafute kitu mwenyewe, akipoteze, akipate? Barua yako ni ndefu na hilo sikuliona.

(Mie darubini sina. Lakini nilikuwa Mjini kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, Unguja nzima ilipokosa umeme kwa miezi mitatu. Tuliteseka, vitu vilioza kwenye mafriji, jenereta zilitutia uziwi. Na ndio mara pekee maishani mwangu nilipouona ule mkondo mweupe wa nyota kutoka juu ya paa la Michenzani. Majirani ambao tulikuwa hatusalimiani tulikaa juu huko mpaka saa saba. Umeme uliporudi kila mtu akarudi kwake, na sikumbuki aliyeaga.)

Kuhusu wanga: usihangaike. Miaka mitatu mmekaa ufukweni usiku, maneno hayo yamesemwa tangu siku ya kwanza, na Da Mize aliyasikia na akaja. Ingawa, ukitaka ukweli, wanawake wawili kwenye mchanga wazi kila mpita njia anawaona na kuwatolea salamu. Wanawake wawili juu ya dari mlango umefungwa ni hadithi nyengine kijijini. Hilo nalo ni la kupima. Kuhusu choyo, huyo mwalimu mwenzako mpe kazi ya kusahihisha madaftari.

Umeniuliza kama umekua au umevimba. Nadhani ni vyote viwili, na cha kwanza usikionee haya. Mtu aliyekuwa haongei mbele ya walimu sita akasimama mbele ya wazazi mia, huko ni kukua, usiruhusu mtu akwambie vyengine. Lakini kumbuka urafiki wenu ulianzaje. Yeye alikuuliza swali na wewe hukuwa na jibu. Siku zile alikuwa na cha kukupa. Tangu darubini ije, kila kitu kinatoka kwako: chombo chako, dari yako, siku zako, wanafunzi wako, sayansi yako. Hata vikombe vyako. Mtu mwenye heshima zake hawezi kukaa muda mrefu mahali asipokuwa na cha kutoa.

Usimwandikie ujumbe mwengine. "Umenisusa" ni neno la kumtupia mtu mzigo, wewe ndiye mwenye kosa halafu yeye ajitetee. Subiri bamvua inayokuja, katikati ya Februari, mwezi unapoandama, halafu mchana ukitoka skuli nenda ukakae barazani kwake wanapofunga mbegu kwenye kamba. Funga nao. Utafunga vibaya, atakufundisha, vidole vitakuuma. Usilete hotuba. La Kilimia liseme kwa ufupi: "Da Mize, siku ile nilikosea, na msemo wako ni sahihi, nimeuangalia." Kisha ulilosema mbele ya watoto ulirudie mbele ya watoto. Darasani, wale wanane wakiwepo, waeleze Kilimia kinazama lini na kinazuka lini na uwaambie nani amekufundisha. Mtaje jina. Na hili usimwambie kwamba umelifanya, mwanawe atalifikisha.

Kisha ndio mwezi.

Mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi havivuti tena kwenye mstari mmoja, bahari inapoa, ni maji mafu. Wakulima wa mwani wanapumua. Na nusu mwezi ndio wakati mzuri kuliko wote wa kuelekeza darubini yako kwenye mwezi wenyewe, kwa sababu pale mwanga unapopakana na giza vivuli vinalala virefu na kila shimo na kila mlima unasimama. Mwezi mpevu unang'aa lakini uso wake ni bapa kama sahani. Sasa unaona? Siku ulizozidharau kwa sababu ya mbalamwezi ndizo siku zake za mapumziko, na darubini yako ina kazi nyingi ya kufanya ndani yake.

Nimemwomba mpwa wangu aniangalizie kwenye programu ya nyota ya simu yake. Tarehe 23 Februari, usiku, mwezi utakuwa unakaribia nusu na utakuwa umesimama jirani na Kilimia. Sikulipanga mimi hilo. Itakuwa siku za mwanzo za Ramadhani, kwa hiyo baada ya tarawehe, kiasi cha saa tatu na nusu. Vyote viwili vitakuwa upande wa minazi, nyuma ya ngalawa. Mshtarii na watoto wake itakuwa juu, upande wa kibla, ambao kwetu ndio kaskazini. Na Suheli itakuwa mkabala wake, juu ya bahari ya Makunduchi. Ichukue ile ya mitumba yenye kamba ya mwani. Kilimia na mwezi pamoja haviingii kwenye bomba la kioo chako, lakini ndani ya ile ya macho mawili vitakaribia kuenea, na mtapokezana.

Kesho yake, tarehe 24, mwezi ukiwa nusu kamili, mpandishe darini ikiwa mwenyewe ametaka. Karibu na katikati ya uso wa mwezi, kwenye mpaka wa kivuli, kuna shimo lenye upana wa kilomita 130 hivi liitwalo Albategnius. Hilo ni jina la Al-Battani, mwanafalaki wa Kiarabu aliyekufa mwaka 929, limepondwapondwa kwenye Kilatini kama ule mguu wenu wa Rigel. Usimwambie kwanza. Mwache alitafute yeye, mkono wake ndio ulioshika bomba, wewe ukae kwenye kigoda. Akiuliza ni nani huyo, mwambie jina la Kiarabu, uone atashika kiuno tena.

Darubini usiiuze. Binamu yako ataniandikia mimi.

Mawingu yakifunga usiku wa 23, iko ya 24. Yakifunga zote mbili, mna mkeka na mna ngalawa, na safari hii kahawa na daku utapika wewe.

Somo